Kula bata bure ughaibuni: mwongozo kamili wa sherehe za muziki na michezo za mitaani Ulaya

Mwaka wangu wa kwanza huku nilikaa ndani kama kuku wa kisasa. Nikisikia spika zinadunda nje nafunga dirisha, najiambia hiyo ni shughuli ya wenyewe, lazima kuna kiingilio, lazima kuna mwaliko, mimi nikaharibu nini. Mpaka tarehe 21 Juni moja natoka zangu kazini nimechoka, nakuta kila kona kuna mtu anapiga kitu, wazee watano na matarumbeta mbele ya duka la dawa, vijana wa shule na gitaa lao moja wanapokezana, mama mmoja kashusha kinanda mpaka kwenye ngazi za jengo, na hakuna hata mmoja anayeuliza tiketi. Nilisimama pale na mfuko wangu wa manunuzi mpaka saa 5 usiku, maziwa yameshachemka na joto. Mwaka mzima nilikuwa najinyima vitu vya bure.

Sasa hapa siongelei matamasha ya kulipia wala mechi za uwanjani, hizo ukiwa na hela unanunua tiketi na unaonyeshwa kiti chako. Naongelea za mitaani, za wazi, ambazo ukijitokeza tu umeshaingia. Na tatizo lake ndo hilohilo, kuingia ni rahisi mno, kutoka ndo kazi. Ndo maana nusu ya mwongozo huu utaniona naongelea kuondoka.

Hatua ya 1: weka kalenda kwenye simu, sasa hivi

Ukisubiri kusikia kwa watu utasikia kesho yake, maana wenyeji hawakwambii, wao wanadhani kila mtu anajua. Anza na 21 Juni, Fête de la Musique, ilianzia Ufaransa 1982 enzi za waziri wa utamaduni Jack Lang, wazo ni kwamba siku hiyo yeyote mwenye chombo, awe fundi au anajifunza, anatoka nje anapiga na msikilizaji halipi kitu. Leo inafanyika nchi nyingi sana na Berlin wanayo toka 1995. Wamechagua tarehe hiyo kwasababu ndo kipindi mchana unakuwa mrefu kuliko wakati wote wa mwaka, Paris jua linazama karibu saa 4 usiku, kwahiyo usiende saa 10 jioni ukakuta watu wanafunga nyaya ukasema mbona kumepoa. Raha inaanza jua likishuka.

Zingine: Uholanzi wana Siku ya Mfalme tarehe 27 Aprili (ikiangukia Jumapili wanairudisha tarehe 26), nchi nzima inavaa rangi ya chungwa na watu wanatandika vitu vyao vya zamani barabarani wanauza. Vienna majira ya joto kuna Donauinselfest, siku kadhaa za muziki juu ya kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita 21, bure. London wikiendi ya mwisho ya Agosti ni Notting Hill Carnival, sherehe ya mtaani yenye asili ya Karibiani, Jumapili na Jumatatu. Kwa michezo, Tour de France, zile mbio za baiskeli, kawaida inafanyika Julai, London Marathon Aprili, Berlin Marathon Septemba. Na ukiwa mji mdogo usijione umetupwa, mji mdogo una mbio zake na bendi yake ya matarumbeta, angalia tovuti ya manispaa au yale mabango kwenye vituo vya basi, nayasoma kuliko magazeti.

Hatua ya 2: chagua kwa tabia yako, sio kwa ukubwa wa jina

Hapa wengi wanakosea. Wanaanza na lile kubwa kabisa, wanabanwa, wanakanyagwa, wanaapa hawarudi tena. Kama ndo mara yako ya kwanza na uko mwenyewe, mimi nitakwambia nenda marathoni. Ni mchana, watu wametulia, familia zipo, barabara ni ndefu kilomita 42 kwahiyo nafasi haikosekani, ukichoka unaondoka. Kwa muziki anza na Fête de la Musique kwasababu imesambaa mji mzima, kona hii hujaipenda unahamia ile. Notting Hill na zile skrini kubwa za mpira ziache kwa mara ya tatu au ya nne ukiwa umeshapata uzoefu na mwenzio wa kwenda naye. Au ukitaka Notting Hill mwaka wa kwanza basi nenda Jumapili, ndo siku ya familia na watoto, Jumatatu ndo ile yenyewe.

Hatua ya 3: panga kuondoka kabla hujapanga kwenda

Hii nimejifunza kwa miguu, kwa maana yake halisi. Nilienda kuangalia mpira kwenye skrini ya wazi, simu ikiwa na chaji asilimia 30, nikasema itatosha. Mechi ikaenda mpaka penati, simu ikazima, kituo cha karibu kikafungwa kwasababu watu wamejaa, treni ya mwisho ikaondoka bila mimi. Nilitembea masaa mawili na nusu nikiuliza njia kwa lugha ambayo nilikuwa najua kuhesabu mpaka kumi tu.

Kwahiyo kabla hujatoka nyumbani, andika KWENYE KARATASI treni au basi la mwisho ni saa ngapi na linatokea wapi. Afu tafuta kituo cha pili, sio kile cha mlangoni bali kile cha mwendo wa dakika 20, kwasababu cha mlangoni ndo kila mtu anakimbilia na ndo polisi wanakifunga. Notting Hill kwa mfano stesheni ya Ladbroke Grove ambayo iko katikati kabisa ya sherehe inafungwa siku zote mbili, mgeni anakuja na ramani yake ya kawaida anashangaa treni inapita bila kusimama. Paris usiku wa 21 Juni ni afadhali, wanaacha baadhi ya laini za metro zitembee usiku kucha, ila ni baadhi, angalia ya kwako. Na kuna kanuni moja haijawahi kuniangusha: ondoka dakika 20 kabla haijaisha au kaa saa nzima baada ya kuisha. Katikati ya hapo ni mateso.

Na kuna sababu kubwa kuliko treni. Watu wakizidi mahali wanageuka kama maji, hutembei, unatembezwa. Duisburg kule Ujerumani, 24 Julai 2010, kwenye tamasha la muziki la Love Parade, walikufa watu 21 kwasababu njia ya kuingilia ilikuwa ndo hiyohiyo ya kutokea na ilipita kwenye handaki. Seoul Oktoba 2022 ilikuwa kichochoro chembamba chenye mteremko, wakafa 159. Pale Seoul hata sherehe rasmi haikuwepo, ni watu tu wamejaa mtaani. Sikutishi, nakwambia cha kuangalia: ukifika mahali popote simama nusu dakika, hesabu njia za kutokea, zisipungue mbili, na epuka kichochoro, handaki na uzio usio na mwanya.

Ukianza kuguswa na watu pande zote nne kwa wakati mmoja, hiyo ndo dalili, ondoka hapohapo hata kama msanii wako ndo anapanda jukwaani. Ukichelewa ukabanwa, weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi, usishindane na wimbi, likisukuma nenda nalo, likitulia jisogeze kimshazari kuelekea pembeni. Simu ikidondoka iache. Kweli kabisa, iache, usiiname. Na usipige kelele hovyo, hiyo pumzi unaihitaji.

Hatua ya 4: kibegi

Kidogo, cha kuvaa mbele. Ndani: maji kwenye chupa ya plastiki (vioo vinazuiwa sehemu nyingi, utanyang'anywa getini), powabanki, koti jepesi la mvua na sio mwavuli maana mwavuli unawatoboa watu macho na unaziba wa nyuma, tishu, sarafu za chooni, hela taslimu kidogo kwasababu mtandao ukielemewa hata mashine za kadi zinagoma. Kitambulisho lazima, Uholanzi sheria inamtaka kila mtu kuanzia miaka 14 aweze kuonyesha kitambulisho akitakiwa na askari, na nchi zingine ukiwa mgeni ni busara tu. Pasipoti yenyewe iache nyumbani kama una kadi ya ukaazi.

Vizibo vya masikio. Najua unacheka. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 100, ambayo ni ya kawaida tu ukisimama jirani na spika, sikio linaivumilia kama dakika 20 hivi kwa WIKI nzima. We unasimama masaa manne. Ule mlio wa nzi masikioni ukilala usiku ni sikio linalalamika. Vizibo vya sponji ni bei ya kutupa na muziki unausikia vizuri tu, wengine tunasema hata vizuri zaidi, maana kelele zinakatwa wimbo unabaki.

Na kabla ya kutoka pakua ramani ya mji isiyohitaji intaneti, afu kubalianeni na wenzio sehemu ya kukutana mkipoteana, sehemu isiyotembea, sanamu au mlango wa benki, sio "pale kwenye gari la chipsi" maana yapo kumi. Mtandao ukigoma tuma meseji ya kawaida, mara nyingi inapenya hata kama intaneti imekufa.

Hatua ya 5: kusimama wapi (hapa ndo penyewe)

Kwenye muziki kila mtu anajisogeza mbele na mimi nakwambia rudi nyuma. Sauti inapangwa kwa fundi mitambo, yule jamaa mwenye meza ya vitufe vingi katikati ya uwanja, anachosikia yeye ndo kinachotakiwa kusikika. Simama nyuma yake kidogo au pembeni yake, utasikia besi na sauti ya mwimbaji zikiwa zimekaa sawa na utapumua. Vyoo nenda vile vya mbali kabisa na jukwaa, foleni ya pale ni nusu.

Notting Hill ni tofauti, kuna magari ya mas (makundi yaliyovaa mavazi ya maonyesho) yanayotembea na kuna zile sound system, mitambo mikubwa ya spika, zimesimama mitaa ya ndani, kila moja na muziki wake. Wengi wanafuata magari siku nzima. Mimi ningekushauri tafuta spika moja unayoipenda muziki wake uhamie pale, kwasababu saa 1 jioni zinazimwa, na zinazimwa kweli, hakuna cha "wimbo wa mwisho" mara tano.

Baiskeli sasa. Tour de France ukisimama sehemu ya tambarare utaona wanaume 150 na zaidi wakipita kwa mpigo mmoja, upepo, fyuuu, wameisha, na we umesubiri kutwa. Kwahiyo nenda kwenye mlima, kule mwendo unapungua na kundi linakatika unaona sura mojamoja, jasho linatiririka mpaka puani. Au tafuta siku ya mbio za mmojammoja dhidi ya saa, wanaachiwa kwa zamu kwahiyo unaangalia masaa kadhaa mfululizo. Barabara zinafungwa mapema mno, fika asubuhi, beba cha kukalia. Kama masaa mawili kabla ya wachezaji unapita msafara wa magari ya matangazo unarusha kofia, vishikio vya funguo, pipi, na hapo utaona watu wazima na heshima zao wakigombania kofia ya karatasi. Shikilia watoto, wanakimbilia barabarani.

Na jamani usiingie barabarani kujipiga picha. 2021 siku ya kwanza kabisa ya mashindano shabiki mmoja alinyoosha bango lake akiangalia kamera, mgongo kawapa waendesha baiskeli, mmoja akaligonga na kundi zima likalala chini kama mahindi. Mahakama ikampiga faini ya euro 1,200. Kama unataka sababu ya kwenda, 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu (yaani mbio za siku moja moja) na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, na ile ya kwanza alishindia Turin. Bendera ya Eritrea kando ya barabara siku zile ilikuwa haikosekani.

Marathoni ndo kipenzi changu kwahiyo nivumilieni. Wale wa mbele wanapita mara moja tu na hukai ukawaona vizuri, chukua 2:01:09 ya Kipchoge Berlin 2022 uipige hesabu, ni mita 100 kwa sekunde 17 na kitu, na anaendelea hivyo kilomita 42. We unapiga makofi matatu ameshapotea. Kwahiyo waone mara mbili, simama kwanza mahali karibu na stesheni, wakipita ingia treni ya chini ya ardhi uwawahi mbele, Berlin hilo linawezekana kabisa na watu wanafanya. Programu ya mbio inakuonyesha mkimbiaji wako yuko kilomita ya ngapi ukiingiza jina au namba.

Ila usiondoke wa mbele wakipita. Wengi wanaondoka na ndo wanakosa. Kaa kilomita ya 35 kuendelea, saa nne saa tano baada ya mbio kuanza, hapo wanapita watu wa kawaida, wahasibu, wauguzi, mzee wa miaka 70, jamaa kavaa kama mnyama, na wengi wameandika majina yao kifuani. Msome jina umwite. Mtu alikuwa anatembea anashika mbavu, akisikia jina lake kwa mtu asiyemjua anainua kichwa anaanza kukimbia tena, nimeona kwa macho yangu siku moja zaidi ya mara ishirini, sijachoka kuona. Pembeni yangu alikuwepo dada kashika boksi limekatwa kaandika kwa kalamu nene, mkono ukachoka nikampokea boksi. Nikamuuliza unamsubiri nani. Mume wake, mara ya kwanza anakimbia, mwaka juzi alikuwa hospitali. Tukakaa masaa mawili, mimi nashikilia bango la mtu nisiyemjua kwa lugha nisiyoisoma. Alipotokea kwenye kona dada akashindwa kupiga kelele, sauti haitoki, ikabidi nipige mimi.

"Unamsubiri nani" ndo sentensi ya kujifunza kwa lugha ya huko kabla ya zingine zote. Kwenye uzio wa marathoni hakuna swali linalofungua mdomo wa mzungu kama hilo.

Hatua ya 6: mpira kwenye skrini kubwa

Wajerumani ndo walioipandisha chati hii 2006, Kombe la Dunia lilipokuwa kwao, wakafunga barabara ya Straße des 17. Juni pale Berlin mpaka lango la Brandenburg, na kwenye Euro 2024 wakarudia, wakaweka goli kubwa ajabu mbele ya lango lenyewe. Kuingia mara nyingi ni bure ila wakijaa wanafunga mageti, kwahiyo mechi kubwa fika masaa mawili matatu kabla. Vinywaji vya ndani unalipia na amana ya kikombe juu, usitupe kikombe, kirudishe urudishiwe hela yako, na kama wamekupa kipande cha plastiki kitunze, wengine bila hicho hawakurudishii.

Jezi: vaa ya wenyeji au usivae ya mtu. Jezi ya wapinzani inavaliwa ukiwa na kundi lako, sio peke yako. Wenyeji wakifungwa usitanie, hata kama mna utani ofisini, subiri Jumatatu. Wakishinda jiandae, magari yanazunguka mji yanapiga honi na bendera dirishani, simama kando ya barabara upunge mkono, hiyo ni sherehe ya pili na ndo nzuri kuliko mechi. Fataki na moshi wa rangi usiziguse hata mtu akikuomba umshikie "dakika moja tu", ukikutwa nayo ni yako.

Angalia pia masaa. Kombe la Dunia la 2026 ni la Marekani, Kanada na Mexico kuanzia 11 Juni, mechi 104, na kwa tofauti ya majira nyingi ukiwa Ulaya zinaangukia usiku wa manane.

Hatua ya 7: usiwe kero

Fupi. Ujerumani kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni muda wa ukimya, sherehe ya mtaani ikiisha imeisha, ukihamishia spika sebuleni jirani anapiga polisi na atakuwa na haki. Notting Hill saa 9 alasiri muziki wote unazimwa sekunde 72, ni kumbukumbu ya watu 72 waliokufa kwenye moto wa jengo la Grenfell hapo jirani, ukiona ghafla kimya na we uko katikati ya stori, nyamaza, vua kofia. Na ile carnival yenyewe haikuanza kama mchezo, Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, aliandaa ya kwanza ya ndani 1959 baada ya weusi kushambuliwa mitaani humohumo mwaka wa nyuma yake. Dharura namba ni 112 nchi zote za Umoja wa Ulaya, Uingereza 999 na hiyo 112 inaita pia.

Hatua ya 8: ingia ndani ya uzio

Ukishaangalia mwaka mmoja utachoka kuwa mtazamaji. Njia nyepesi kuliko zote ni parkrun, kilomita 5 kila Jumamosi asubuhi, bure, ilianza na wakimbiaji 13 kwenye bustani ya Bushy Park London Oktoba 2004 na sasa iko nchi kibao. Unajisajili mara moja mtandaoni, unachapisha msimbo wako, unaenda. Kutembea ruksa. Na kama hutaki kukimbia jitolee, upewe kizibao cha kuakisi mwanga na kona yako ya kuelekeza watu, wiki ya tatu wanajua jina lako. Marathoni kubwa nazo zinatafuta wagawa maji kila mwaka.

Na kama unapiga kitu, hata kama ni gitaa la nyuzi nne zilizobaki, tarehe 21 Juni ni yako pia. Bila spika miji mingi unasimama tu kwenye kona unapiga. Ukitaka umeme na jukwaa, hapo kuna usajili na kibali, na milango inafungwa miezi kadhaa kabla, kwahiyo fomu inatafutwa kipindi cha baridi, ukiwa bado umevaa soksi mbili.